Senti Iliyosuguliwa

Ndani ya basi la mjini Toledo, mzee aliyeketi mbele yangu alikuwa akikagua sarafu kwa kioo cha kukuzia. Mama wa kando yake akampa senti ya mwaka 1972. "Marehemu mume wangu alidai maandishi yake yamejirudia, kwamba ni sarafu adimu."

Mzee akaitazama kwa muda wa vituo viwili, kama daktari asiye na foleni. "Nyingi zinazodhaniwa hivyo, herufi huwa na kivuli bapa tu. Hapa kila herufi imeinuka mara mbili. Muhuri wenyewe wa kupigia sarafu ulikosewa. Alisema kweli." Kisha akaguna. "Lakini nani kaisugua?"

"Mimi, kwa siki na chumvi."

"Umeiharibu, mama. Wanunuzi hutaka isiyosuguliwa; hii wataikimbia."

"Nani kakwambia nauza?" Basi likasimama, mama akainuka. "Kaka zangu wamemcheka mume wangu miaka thelathini kwa senti hii. Nimeing'arisha waione bila miwani."