Kiraka Kwenye Chasisi

Kijiwe chenyewe ni kiti kirefu kilichong'olewa kwenye basi bovu, sponji imechungulia upande mmoja, kikaegemezwa ukutani nje ya karakana ya Cheche, fundi wa kuchomelea. Anayekaa hapo hudaiwa neno la kusema, hata kama hajaulizwa. Saa nne asubuhi wenyewe walikuwa wametimia. Alikuwepo Profesa, mwalimu wa hesabu aliyestaafu shule lakini hakustaafu kusahihisha watu. Alikuwepo Kinyozi, ambaye kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara na wateja wake wameshazoea kumfuata kijiweni. Katikati alikaa Difu, dereva mstaafu, na gari lake la zamani lilikuwa mbele yao juu ya magogo, magurudumu yametolewa, tumbo lote nje. Difu alitaka kuipanda tena ile njia ya mawe ya mlimani, njia aliyoipanda kwa miaka kumi na minane akipeleka dawa zahanati ya juu. Chasisi, ule uti wa mgongo wa gari, ndiyo iliyokataa. Ilikuwa imepata ufa.

Cheche alitoka uvunguni akijifuta mikono.

— Ufa uko pale usukani unapofungwa. Umetembea kama inchi tatu. Natoboa tundu mwisho wake usiendelee, nauchimba, naujaza, halafu nabandika bamba juu.

— Bamba la mraba, alisema Profesa.

— La mraba la nini, mwalimu? Ukichomelea mstari wa wima, chasisi inakatika palepale pembeni. Bamba linachongoka huku na huku.

— Ndicho nilichokuwa nataka kusema.

— Hukutaka kusema hicho, alidakia Mama Kahawa, muuza kahawa wa kijiwe, akimjazia kikombe.

Kinyozi alikohoa kidogo, kama mtu anayeitwa jukwaani.

— Mimi ningemimina zege.

— Wapi? aliuliza Cheche.

— Humo ndani ya chasisi. Si iko wazi kama mfereji? Mimina zege, weka na kokoto. Umewahi kuona ghorofa limepasuka kwa sababu ya mawe ya njiani?

— Ghorofa halipandi mlima!

— Hujalijaribu.

— Tatizo ni uzito, alisema Profesa. Punguza uzito. Toa viti, toa milango, toa boneti.

— Toa na injini kabisa, alisema Kinyozi. Gari isiyo na injini haijawahi kukata chasisi.

Difu alicheka mpaka kahawa ikampalia. Hizi ndizo kelele alizozikosa tangu mwaka jana, tangu kiti kile kibaki na nafasi upande wa mwisho ambayo hakuna mtu aliyeikalia.

— Sikilizeni, alisema Cheche. Dawa ya hii ni kuifunga. Upande ulio wazi naupiga bamba mwanzo mpaka mwisho, chasisi inakuwa boksi. Hapo hata ukiipandisha ukuta, inapanda. Ila kuna kile kiraka cha zamani nyuma ya ufa. Hicho nakikata kwanza. Kimevimba, kimejikunja, yaani kama mtu alikitapikia chuma.

— Heee! Usitukane kiraka cha betri! alisema Kinyozi.

Wote wakamgeukia Difu, nyuso zimechangamka. Hadithi ile waliijua kuliko majina ya watoto wao.

— Mvua inanyesha, alianza Kinyozi.

— Chasisi imepasuka katikati ya mlima, alipokea Profesa. Nyuma korongo, mbele mawe.

— Dawa zimo ndani ya gari, na huko juu watoto wanazisubiri, alisema Mama Kahawa, mkono kifuani.

— Ndipo huyu bwana, alisema Kinyozi akimpiga Difu begani, akachukua betri mbili, ya tatu akaichomoa kwenye mzigo wa zahanati, akaziunganisha, akalala chali kwenye matope, akachomelea chuma! Wenzake wanalia, yeye anachomelea!

— Wenzake alikuwa utingo mmoja tu, alisahihisha Profesa. Marehemu Spana.

— Basi Spana analia, yeye anachomelea!

Difu akaangalia kikombe chake.

Ukweli aliujua yeye peke yake sasa. Siku ile aliyelala kwenye matope ni Spana. Yeye Difu alikuwa ndani ya gari, koti kichwani, akiwaaga watoto wake kimoyomoyo. Spana hakuwa na kinyago cha kuchomelea. Alivaa miwani ya jua, jozi mbili, moja juu ya nyingine, na kesho yake akaamka macho yamevimba haoni kitu. Difu akaendesha huku akimsimulia njia: hapa kuna jiwe jeupe, hapa maji yamekata, sasa naona bati la zahanati. Spana akacheka, akasema, "Leo ndio umekuwa utingo wangu." Difu hajawahi kuwa na safari tamu kama ile.

Uongo wenyewe haukuja kwa kishindo. Siku ya kwanza kijiweni alisema tulichomelea. Baada ya wiki mbili akasema nilichomelea, watu wakapiga makofi, na makofi ni matamu. Spana alikuwepo, amekaa zake mwisho wa kiti. Walipomuuliza, alikunywa kahawa yake akasema, "Mvua ilikuwa kubwa kweli." Hakuongeza neno. Ikawa hivyo kwa miaka, mpaka mwaka jana walipomzika.

Na sasa Cheche alikuwa anachomeka ukutani waya wa grenda, ile mashine ya kukatia chuma.

— Hicho kiraka kiache, alisema Difu.

— Mzee, hakiwezi kukaa ndani ya boksi.

— Kiache tu.

— Kwa sababu gani?

Sababu alikuwa nayo. Kila kitu cha Spana kilishagawiwa. Nguo zilikwenda, spana zake zilikwenda, hata kofia. Kilichobaki chenye alama ya mikono yake ni kile kiraka. Lakini Difu angekidai vipi bila kusema ni cha nani?

— Chuma cha zamani kina mazoea, alisema. Kimeshazoeana na chasisi. Ukileta kipya watagombana.

— Hilo nalo neno! alisema Kinyozi. Hata mimi mashine yangu ya zamani ya kunyolea, nikiibadilisha wembe inanuna.

— Kisayansi kuna kitu hapo, alisema Profesa, ingawa hakukuwa na kitu. Chuma kina kumbukumbu. Kinakumbuka mlima.

— Basi kikikumbuka mlima si kitaogopa kurudi? aliuliza Mama Kahawa.

Cheche alitikisa kichwa, akawasha grenda. Ikalia.

— Zima kwanza! ilitoka sauti uvunguni.

Akatoka mwanamke wa miaka thelathini na kitu, brashi ya waya mkononi, kutu hadi kwenye nyusi. Alikuwa fundi mpya aliyeajiriwa juzi, na kijiwe kilikuwa hakijampa jina.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Hicho kiraka nani alikichomelea?

Kinyozi alimwonyesha Difu kwa mikono miwili, kama anayetambulisha bwana harusi. Fundi akamtazama.

— Mzee, wewe unatumia mkono wa kushoto?

Difu akaificha mikono chini ya mapaja.

— Nauliza kwa sababu nimekisugua, mistari yake yote inaanza kulia inakwenda kushoto. Halafu pale pamebanwa na ekseli. Mimi nimejaribu kupitisha mkono wa kulia, haufiki.

Katika miaka yote waliyokaa pale, walimjua mtu mmoja tu wa mkono wa kushoto. Mama Kahawa ndiye aliyetangulia kulitaja jina lake.

— Spana.

— Ni yeye, alisema Difu. Alichomelea yeye. Mimi nilikuwa ndani ya gari nimejifunika koti. Nilikuwa naogopa, jamani. Nimewadanganya miaka yote hii.

Cheche alichomoa waya wa grenda, akauzungusha polepole kwenye kiganja.

— Hatukikati, alisema. Bamba nitalikatia nafasi hapo, kionekane.

Fundi mpya alikuwa bado amesimama. Yeye hakumjua Spana, wala hakujua kwamba kuna mambo watu huwa hawaulizani.

— Sasa ulipokuwa ukisimulia, na yeye alikuwepo?

— Alikuwepo. Alikaa pale mwisho.

— Alikuwa anakusikia?

— Kila neno.

— Mbona hakusema?

Kinyozi alimtazama Profesa, kwa kuwa Profesa ana jibu la kila kitu. Profesa akainua kikombe akanywa, na kikombe kilikuwa kitupu. Mama Kahawa aliinamisha birika, akalitikisa, likawa halina kitu. Swali hilo Difu amelala nalo tangu siku ya mazishi. Akajifuta macho kwa mkono wa shati, na hakuna aliyemtania.