Mwanga Uliogoma Kufifia

Benchi letu liko mlango wa nyuma wa maabara, hapa Madrid, upande unaopata jua la saa nne asubuhi. Mimi ni bawabu. Nicanor, fundi wa pampu, tunamwita Parafujo. Hilario, aliyestaafu kupuliza vioo vya maabara ila benchi hajalistaafu, ni Mzee Chupa. Jumanne ile Daktari Casilda alitoka na kahawa yake, uso umemshuka.

— Vipi, Daktari? Gesi imekutukana tena? Parafujo akamchokoza.

— Afadhali ingenitukana. Naipitisha kwenye tundu dogo kama ncha ya sindano, inachomoka ndani ya chumba kisicho na hewa, inatanuka kwa kasi na kupoa vibaya sana. Naimulika kwa leza. Kadiri inavyosambaa, mwanga unaotawanywa ulipaswa kufifia. Lakini mbele kidogo unawaka zaidi!

— Si vizuri?

— Vizuri kama ni kweli. Nadhani baridi inafanya chembe zishikane kuwa mabonge, na bonge hutawanya mwanga zaidi. Miaka sita nautafuta mwanga huo. Kesho nautangaza mbele ya wenzangu, na nikiwa nimekosea nitachekwa mpaka Barcelona.

Mzee Chupa akafuta masharubu.

— Pampu hiyo inatema mafuta, ndiyo yanayong'aa.

— Pampu yangu? Parafujo akainuka. Pampu yangu safi kuliko kikombe chako! Kioo kipya cha chumba ndicho kibovu. Nani alikipuliza?

— Mimi, kabla sijastaafu! Na vioo vyangu havijalalamikiwa miaka arobaini!

— Basi ni treni ya chini ya ardhi. Ikipita, leza inatikisika.

— Acha zako! Ni jua. Linapenya.

— Chumba hakina dirisha, Mzee!

— Jua la Madrid linataka dirisha la nini?

Hata Casilda akacheka. Remedios, mfanya usafi mpya, siku yake ya pili kazini, alikuwa anapita na ndoo. Akasimama.

— Samahani, Daktari. Mkifunga gesi, huo mwanga unabaki?

Mzee Chupa akanitazama mimi, kana kwamba bawabu ndiye anayejua.

— Nilipima bila gesi Januari, Casilda akasema polepole. Kabla ya kubadilisha kioo. Tangu hapo... sijapima. Ukibaki, basi si gesi inayowaka.

Tuliacha vikombe palepale, tukaingia wote, na Remedios na ndoo yake. Taa zikazimwa. Kwenye skrini mstari wa kipimo cha mwanga ulikuwa umeinuka katikati kama nundu. Casilda akashika koki ya gesi, akaifunga.

Nundu ikaanguka. Mstari ukalala. Akafungua, ikapanda. Akafunga, ikaanguka. Mara tatu.

— Ni gesi yenyewe, akanong'ona. Halafu akapiga kelele: — Ni gesi yenyewe, jamani!

Akamkumbatia Remedios pamoja na glavu zake zilizolowa.

— Nilisema pampu safi, Parafujo akatamba.

— Na kioo je? akadakia Mzee Chupa.

Kesho yake mkutanoni nilikuwa mlangoni, Remedios kando yangu. Casilda alimaliza kwa kuonyesha ukutani orodha ya aliowashukuru. Jina la juu kabisa: Remedios Quiroga, aliyeuliza swali.

Remedios alilisoma mara mbili, midomo ikichezacheza. Kisha akavua aproni, akaikunja, akaenda kuketi mstari wa mbele.