Kitandiko cha Mtaa Mzima

Kijiwe chetu ni benchi la mbao nje ya duka la Mama Hermínia, nyuma ya kiwanda cha vizibo, mahali ambapo ukinyoosha shingo unauona mto Tejo na Lisboni ng'ambo yake. Juu ya benchi Hermínia ametundika kibao: HAPA HATUONGEI SIASA. Na kweli hatuongei. Tunakunywa kahawa yake ya shayiri, ambayo kahawa yenyewe imeisikia kwa jina tu, na tunabishana mpaka miguu inakufa ganzi. Jumatano ile tulikuwa wanne: Balozi, ambaye siku moja ujanani alivuka mpaka kwenda Hispania kununua peremende na mpaka leo hajarudi akilini, Daktari, anayefagia duka la dawa, Kizibo, aliyestaafu kiwandani akiwa na vidole saba, na mimi, Amândio, wanayeniita Kengele kwa kuwa navuta kengele ya kanisa. Wa tano wetu, Zeferino fundi viatu, alichukuliwa na askari kanzu Jumapili. Nafasi yake kwenye benchi tuliiacha wazi. Msidhani ni heshima. Hakuna aliyetaka kuonekana amekaa hapo.

Kosa lake mtaa mzima ulilijua. Siku ya maandamano ya Mama Maria kila nyumba hutandaza dirishani kitandiko chake kizuri, na mtaa wetu una kitandiko kizuri kimoja tu. Tulikipata kwenye bahati nasibu ya kanisa, kwa tiketi tuliyoichangia wote, na kila mwaka kinakwenda nyumba moja kwa zamu. Ni cha hariri, rangi ya divai. Nasema divai kwa sababu huku kwetu neno nyekundu, rangi ya wakomunisti, tuliliacha tangu vita vya Hispania. Hata nyanya zetu zinaiva tu, basi. Mwaka huu Jumapili ya maandamano ikaangukia tarehe mosi Mei, siku ambayo serikali imeipiga marufuku, yenyewe na wafanyakazi wake. Hakuna aliyetazama kalenda, hata mimi niliyevuta kengele. Zamu ilikuwa ya Zeferino.

Lakini ungetusikia Jumatano ile, ungedhani kitandiko hicho hakijapata kufumwa duniani.

— Mimi nawaambieni ni viatu, Balozi alianza. Kuna mkubwa mmoja alitiwa soli pale kwa Zeferino, ikabanduka mbele ya waziri.

— Acha zako, Kizibo akasema. Mtu hafungwi kwa soli.

— Dalili ya mvua ni mawingu, bwana. Leo soli, kesho kisigino, keshokutwa serikali nzima iko pekupeku.

Daktari akacheka kwa dharau. Huwa anacheka hivyo kabla ya kusema jambo la kipuuzi zaidi.

— Nyinyi mmewahi kuisikiliza nyundo yake? Ta-ta, ta. Ta-ta, ta. Hiyo ni simu ya upepo ile. Moscow wanaipokea.

— Moscow waisikie nyundo ya hapa?

— Upepo ukielekea kule.

— Na mimi ninayepakana naye ukuta, mbona sijapata kuelewa kitu?

— Penye miti hapana wajenzi, Balozi. Ungeelewa, na wewe ungekuwa ndani.

Balozi alionekana kuridhika kwamba ujinga wake umemwokoa. Kizibo akavuta benchi karibu, jambo gumu kwa sababu tulikuwa tumelikalia, akatunong'oneza kwamba sote tumepigwa chenga. Zeferino hakukamatwa. Zeferino ni shushushu wao, na amekwenda kozi.

— Kozi gani huanza kwa kofi? nikamuuliza. Alipigwa kofi mlangoni kwake, na sote tulikuwa madirishani.

— Ndiyo somo la kwanza hilo. Mchumia juani hulia kivulini.

Wahenga wamesema mengi, lakini hilo hawakulisemea kofi. Nilitaka kumwambia hivyo, nikanyamaza, maana tangu Jumapili ukimbishia mtu sana unaonekana una lako jambo. Kizibo akaendelea na hesabu zake: kila watu wanne wana shushushu mmoja, ndivyo serikali ilivyopanga, kwa hiyo tulipokuwa watano tulikuwa na shushushu mmoja na robo. Balozi akapendekeza mmoja wetu aondoke, ili watatu wanaobaki wawe salama kihesabu. Wazo tulilisifu sana. Hakuna aliyeondoka. Siku hizo hata kwenda kukojoa hakuna aliyetaka kutangulia, kwa sababu anayeinuka ama anakwenda kusema, ama anabaki nyuma akisemwa.

Tulikuwa bado tunaitafuta ile robo ya shushushu ni ya nani, ndipo Deolinda, mke wa Zeferino, alipopanda ngazi akitokea kwenye kivuko, furushi la nguo kifuani. Hermínia akatoka na birika, akammiminia kikombe kamili bila kuulizwa.

— Karibu, shemeji, Balozi akasema, akimwonyesha ile nafasi iliyo wazi. Kaa upumzike.

— Asante, shemeji. Nitasimama. Mwenzenu amesimama tangu Jumapili.

Hatukuelewa mara moja. Akatueleza polepole, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia huko nyuma. Amewapelekea nguo safi kule gerezani Lisboni, wakampa chafu, ndivyo utaratibu ulivyo. Safari hii katika furushi wamemtilia na viatu. Alivitoa akatuonyesha: vile vya kahawia alivyojishonea mwenyewe Zeferino, na ambavyo sote tulikuwa tukimtania kwamba ni vizuri kuliko vyote alivyopata kutushonea sisi. Haviingii tena. Wanamsimamisha ukutani, haruhusiwi kuketi wala kulala, miguu imevimba.

Daktari akauliza, akitazama chini, wanataka nini kwake.

— Wanamuuliza neno moja. Kitandiko ni cha nani. Yeye anasema ni changu. Wanamwambia fundi viatu hawezi kuwa na hariri, ataje wenzake. Anasema ni changu, ni changu. Yule ofisa wa dirisha la kupokelea nguo kanihadithia mwenyewe, anacheka.

Nyundo, soli na kozi, vyote vilikuwa vimetutoka vichwani, na mimi nilijisikia mchafu kuliko nguo zile.

— Kasema hivi, Deolinda akaendelea. Akipatikana mtu mmoja wa kusimama mbele yake na kusema, mwaka jana kilikuwa kwangu, ni cha bahati nasibu ya kanisa, basi itaonekana ni mambo ya dini, atamwachia. Labda anadanganya. Mimi sina jingine la kushika. Kivuko cha kwanza kesho ni saa mbili asubuhi.

Akanywa kahawa kidogo, akatutazama mmoja mmoja, bila hasira hata chembe. Angekasirika ingekuwa nafuu.

— Mwaka jana siku ya maandamano nilikuwa nimelazwa hospitali, sikuona. Zeferino nimemwuliza kwa karatasi niliyoificha kwenye kola, hakunijibu. Nyinyi mlikuwepo. Zamu ya mwaka jana ilikuwa ya nani?

Balozi alitazama mto. Daktari alitazama kikombe chake. Kizibo alikunja vidole vyake saba, akavikunjua. Watu waliokuwa na jibu la kila kitu tangu asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyenitazama mimi, jinsi walivyokuwa wakijitahidi kutonitazama.

Kilikuwa kwangu. Dirisha la pili kutoka kanisani. Mke wangu alikibana kwa vyungu viwili vya maua, na padri aliposimama chini akakibariki nilijiona tajiri.

Nikafungua kinywa. Nikamgeukia Hermínia, nikanyoosha kikombe, nikamwomba kahawa.

Hermínia aliligeuza birika juu chini mbele yangu. Halikutoa hata tone.

— Kahawa imekwisha, Kengele, akasema. Mjibu shemeji yako.