Alisema Mdomo Umelala: Marehemu Alida Mukeshimana, 1976–2026

Kila asubuhi, kabla ya kusalimia mtu, marehemu Alida alibana pini midomoni, ndipo akafungua duka lake la kushona hapa Kabeza, Kigali. Mteja akiuliza bei, alijibiwa kwa vidole.

Alizaliwa tarehe 3 Agosti 1976 huko Ngara, Tanzania, wazazi wake wakiwa wakimbizi. Alisoma mpaka darasa la saba, akafundishwa cherehani na shangazi yake, akarudi Rwanda 1995. Mwaka 1999 aliolewa na Hakizimana, mlinzi wa nyumba za matajiri kule Nyarutarama. Suti ya bwana harusi aliishona mwenyewe. Mafundi wengine hakuwaamini.

Mwaka 2021 alikatwa kidonda kwenye mdomo wa chini. Ilikuwa saratani, akaambiwa imeisha. Miaka miwili baadaye pini ilimchoma, damu ikashuka kidevuni, yeye hakusikia kitu. Wateja wakacheka: "Mama Umuhoza, leo umekunywa chai na sindano?" Hakucheka. Alikwenda hospitali.

"Daktari, mdomo umelala, umekufa ganzi. Ndani iko kama siafu zinatembea."

"Ni meno, mama."

"Meno hayaumi."

"Mama, nani daktari hapa?"

Akapigwa picha ya meno, akang'olewa mawili. Yalikuwa mazima. Tunasema mbele ya watu: mazima! Kila aliporudi aliambiwa picha ni safi.

Hospitali nyingine ndiyo ilimpiga MRI, picha inayoonyesha mpaka mishipa. Daktari Umutoni akamwonyesha kwa kidole: saratani ilishika mshipa wa fahamu wa kidevuni, ikaufuata ndani ya taya, ikapanda mpaka chini ya fuvu. Kisha akaiinua ile picha ya meno kwenye mwanga. Njia ya mshipa ndani ya mfupa wa taya ilikuwa imeshapanuka. Ilionekana. Wale walitafuta jino bovu tu.

"Kwa hiyo nilisema kweli?"

"Ulisema kweli, mama."

"Basi na yule aambiwe."

Mionzi ilikuja imechelewa. Alifariki tarehe 11 Januari 2026.

Ameacha mume, Hakizimana, watoto wawili, Umuhoza na Kamanzi, na mjukuu mmoja. Mungu ampe pumziko. Sisi bado tuna hasira.

Siku mbili kabla ya kufariki alivaa kitenge kipya, akabeba picha zote mbili, aende kumwonyesha yule daktari wa kwanza. Mumewe akamwambia, "Subiri basi, niite pikipiki."

"Nimesubiri sana."

Akatoka. Alianguka kabla ya kufika kituo cha basi, akapelekwa hospitali, na nyumbani hakurudi tena.