Mrija wa Shangazi

Nilisikia mrija kabla sijaona mtu. Ulikuwa unafyonza chini kabisa ya kibuyu, ule mkoromo wa kinywaji kinachokaribia kwisha. Nilikuwa bado nje, mkono kwenye pazia la mlango wa baba yangu, na mate yakanijaa mdomoni. Ndugu zangu, nawaambia ukweli: miezi kumi na mmoja bila tone, na mwili ulijibu kabla sijaulizwa.

Wengi wenu mnaokutana hapa Keshero kuacha pombe mnanijua kama mshonaji. Wachache mlinijua wakati ninaficha kanyanga, ile pombe kali, kwenye chupa ya mafuta ya cherehani. Cheka tu, mama wa pale mbele, leo nami nacheka. Lakini sikuja kusema juu ya kanyanga. Nimekuja kusema juu ya Noeli, siku ambayo kila anayekupenda ana kinywaji mkononi.

Kwanza mjue kosa langu. Kwenye kilio cha mama yangu, miaka miwili iliyopita, nilikuwa nimelewa. Mbele ya wageni waliotelemka kutoka milima ya Masisi, nilimnyooshea shangazi yangu kidole nikasema: "Ni wewe ulimupa mama sumu." Mama aliuawa na ugonjwa wa sukari; daktari alituambia sote. Lakini mnalijua neno hilo kwetu. Halizikwi. Shangazi ndiye aliyekuwa akitengeneza kasiksi, pombe ya ndizi, ya kila ndoa ya ukoo, ndizi zake zikiivia shimoni, zikinukia mpaka kwa jirani. Tangu siku ile hakuna aliyemwita tena.

Basi Noeli hii baba alituita kwake, upande wa Lac Vert, tupatane. Kasiksi ilitengenezwa na shangazi mwenyewe. Kwetu aliyeitengeneza huonja kwanza mbele ya watu wote, kisha anakupa mrija uleule. Ukinywa, umesema: sikuogopi. Ukikataa, umelirudia lile neno.

Hakuna aliyeniambia mapema kwamba nitapewa mrija huo. Ninyi mlinifundisha: kaa karibu na mlango, shika kinywaji chako. Nilikuwa na chupa yangu ya tangawizi. Lakini mtoto aliyerudi hupewa kiti cha heshima, na kiti cha heshima ni kile cha ndani kabisa, ukutani, chini ya picha ya mama. Mbele yangu meza. Kando yangu, kushoto na kulia, magoti ya wazee. Ili nitoke, ilibidi ukoo wote usimame.

Baba mdogo wangu alinyanyua chupa yangu juu, wote waione. "Tangawizi! Uko na kikohozi, ao umesha kuwa pasta?"

Walicheka, nami nikacheka. Kisha shangazi akasogeza meza kidogo, akapiga magoti mbele yangu na kibuyu. Akafyonza, akameza, akapangusa mrija kwa kiganja. Akaniwekea kibuyu magotini.

"Kunywa, mutoto yangu. Nimeonja, umeona."

"Shangazi, mimi siko nakunywa tena."

"Kidogo tu," baba mdogo akasema. "Ya Noeli hailewesha mutu."

Baba akaniangalia. "Mutoto, unaogopa nini?"

Hilo ndilo swali walilokuja kulisikia likijibiwa. Nikinywa, najijua, nitalala pale nikitafuta kibuyu cha pili, na kesho cherehani itauzwa. Nikikataa, namuua shangazi mara ya pili. Nikainama. Ndugu zangu, mrija ulinigusa mdomo. Nilinusa ndizi, mtama, chachu, miaka yangu yote. Nilitamani mtu mmoja aseme: mwacheni.

Nikaona sahani ya shangazi sakafuni, na juu yake kipande cha ndizi ya makemba alichokuwa ameuma akakiacha.

"Shangazi, nipe ile makemba."

"Hii? Ni mabaki yangu!"

"Ndiyo hiyo nataka. Ya mudomo yako."

Akanipa. Nikala palepale alipouma, yote, polepole, ili kila jicho lione nikimeza. Kisha nikasema: "Shangazi hakuua mutu. Siku ile ni pombe ilisema. Hii mudomo yangu, mukiipa pombe, itasema tena."

Shangazi alifunika uso kwa kitenge chake. Baba alikiondoa kibuyu magotini kwangu. Baba mdogo alinung'unika kwamba makemba ni makemba na pombe ni pombe, akaita kibuyu kingine. Siwadanganyi, si wote walioridhika.

Asanteni ninyi wa chumba hiki cha mbao, mlionipokea nikinuka. Asante mama uliyenipigia simu asubuhi ya Noeli, hukuhubiri, uliniuliza tu kama nimekula. Nami nina neno moja la kuwaachia: anayekusukumia kikombe mara nyingine haombi unywe. Anaomba kitu kingine. Kitafute, umpe hicho.

Lakini siku ile, hata baada ya hayo, tulipofika mlangoni na shangazi, sikutaka kutoka. Ndani walianza kuimba, mrija ukafyonza tena, na mguu wangu ukageuka wenyewe.

"Nikae kidogo, shangazi?"

"Hapana." Alikuwa amewasimamisha wazee wote ili nipite. "Enda sasa, wakati mudomo ingali yako."

Akanisukuma nje kwa mkono uleule wenye harufu ya kasiksi, akafunga mlango nyuma yangu, na nikasikia akisukuma komeo.