Pindo la Januari: Maisha ya Marehemu Rosa Nasimiyu Were

Rosa Nasimiyu, tunayemsindikiza leo, alizaliwa Kimilili, Bungoma, tarehe 14 Machi 1962, kifungua mimba wa marehemu Mzee Wafula na Mama Nekesa. Alisoma hapo hapo Kimilili hadi darasa la saba mwaka 1976. Hesabu zilimshinda, tusidanganyane mbele ya jeneza, lakini mikono yake ilikuwa na akili. Mwaka 1979 alihitimu ushonaji.

Mwaka 1982 aliajiriwa jijini, mtaa wa Ngara, katika duka la sare za shule la Bwana Harbans, akakikalia cherehani kile kile miaka ishirini na saba. Mzazi akilalamika kwamba sketi ina pindo nene, alimjibu, "Kwani huyu mtoto hali? Basi atakua, na wewe utafungua."

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na Bwana Were, seremala. Walihamia mtaa wa Kabiria, wakajaliwa Ryan mwaka 1989 na, baada ya kungoja mpaka majirani wakaanza kunong'ona, Caren mwaka 1996.

Agosti 2005 aligunduliwa kuwa na saratani ya titi la kushoto, akapasuliwa tarehe 23. Alipozinduka wodini, mkono wa kulia ulipanda kifuani, ukakuta bandeji na mpira uliotoa damu hadi kwenye chupa kando ya kitanda. Hakuuliza kama atapona. Alisema, "Daktari, Caren yuko darasa la tatu. Nitafika naye darasa gani?" Daktari alifungua faili, akalifunga, akasema tungoje majibu ya maabara. Woga ulimwingia hapo, wala haukumtoka tena.

Nyumbani aliogopa kila kitu. Simu ikilia aliiacha ilie, akidhani ni kliniki. Alioga akitazama ukuta asione kovu. Kila asubuhi alipapasa titi lililobaki, kisha kwapa, kisha titi tena, mpaka mdogo wake Annah, aliyekuwa akimuuguza, akamshika mkono. Caren akimkaribia, alijikinga kwa leso.

"Mama, kwani unaniogopa?"

"Hapana, mama. Naogopa kukuacha."

Bwana Harbans alipokuja kumjulia hali, Nasimiyu alimwagiza kitambaa cha bluu cha sare. "Wewe pumzika, Nasimiyu," Harbans alimwambia. "Sketi ya Caren mimi nitashonea yeye." Nasimiyu akakataa katakata, naye akamletea kitambaa. Wiki ya tano baada ya upasuaji, Annah akiwa ameenda dukani, alikaa kwenye cherehani chake cha nyumbani, akatumia na mkono wa kushoto, ule alioambiwa asiinulie hata sufuria. Alishona sketi ya darasa la nne, na chini yake mapindo manne, moja juu ya jingine: la tano, la sita, la saba, la nane. Alidhani hatakuwepo kushona nyingine. Jioni mkono ulikuwa umevimba na kidonda kimefunguka, akarudishwa wodini siku tisa. Nesi alimfokea, "Mama, sketi ni kitu cha kufia?"

"Nilikuwa na haraka, Sista."

Jamani, aliyeharakisha vile alipewa muda! Januari 2007 alishika wembe, akafungua pindo la kwanza mwenyewe, akicheka na kulia. Januari 2008, shule zimefungwa kwa ghasia za uchaguzi na watu wanaogopa kutoka nje, alifungua la pili vilevile. Januari 2009, la tatu. Lakini kila mwaka, kabla ya kugusa wembe, alijipapasa kwanza.

Juni 2009 mgongo ulianza kumuuma, na majibu yakasema saratani imefika mifupani. Jumamosi tarehe 3 Oktoba aliomba sketi na wembe. Alitaka kufungua la nne kabla ya wakati. Caren, sasa msichana wa darasa la saba, akaivuta ile sketi.

"Hiyo ni ya Januari, Mama! Ukifungua sasa ni kama umekubali."

Walivutana, wote wanalia, na Annah pale mlangoni hakujua amsaidie nani. Mwishowe Nasimiyu aliachilia.

"Naogopa, Caren."

"Hata mimi."

"Basi kuja nikuonyeshe."

Akamwelekeza kwa kidole: kata uzi mmoja, ruka mbili, vuta polepole; lowesha kitambaa kabla ya kupiga pasi. Siku hiyo hawakukata hata uzi mmoja. Alituacha Jumapili tarehe 11 Oktoba 2009, saa nne asubuhi, sketi ikiwa imekunjwa chini ya mto wake.

Ameacha mumewe, Bwana Were. Watoto wake, Ryan na Caren. Mdogo wake Annah, anayewasomea haya. Na Bwana Harbans pamoja na mafundi wote wa Ngara. Caren ameivaa sketi hiyo leo. Mtaona ni fupi, na tafadhali mtu asimwambie kitu. Wembe anao yeye.

Nasimiyu alale kwa amani, asiogope tena. Januari, Caren ataingia darasa la nane.