Kifua Yenye Kastamu Ilikuwa Inasimamisha

Sifa kwa Yesu, ndugu zangu! Eh! Hiyo amina ni ya wagonjwa. Tena! Haya, sawa. Mimi ni Mama Nabwire wa Buteba, mwenye kuuza mukene, dagaa kavu, ng'ambo, upande wa Kenya. Na wewe dada wa benchi ya nyuma, wacha kupima kifua yangu na macho. Naeleza sasa hivi.

Ndugu zangu, zamani hii kifua ilikuwa mzigo! Mimi nikifika sokoni, matiti ilishafika kitambo, imeanza kuuza. Mvua ikinyesha, kuku zilikuwa zinajificha chini yangu. Mnacheka, lakini mgongo ilikuwa inalia. Sidiria ilichimba mabega yangu mifereji, unaweza panda mtama. Kulala na tumbo? Nilisahau!

Lakini kubwa ilikuwa mpakani. Mnajua wamama wa huku wanaficha betri, sukari, mafuta ya kujipaka, yote kwa kifua. Sasa mimi nikitokea na hii yangu ya Mungu, kastamu nzima inasimama! Yule mama mwenye kukagua wanawake ananivuta kwa chumba.

"Mama, toa mzigo."

"Nyabo, mama yangu, hii haitoki. Ni yangu."

"Wote wanasema hivyo. Inua mikono!"

Ananibonyeza kama mtu ananunua avokado. Kila safari! Nikaanza kuogopa macho ya watu. Mtu akicheka Malaba, mimi huku Busia najua ananicheka mimi. Bwana yangu nyumbani akinyamaza, nasema amenichoka. Akiongea, nasema anaficha kitu.

Halafu madaktari wakakuja upande wa Tororo, wakasema wanaweza punguza matiti. Mama mkwe akaruka. "Hiyo ni urembo ya wanawake wa Nairobi! Watakuuza wewe mzima!" Hata mimi sikuwaamini. Nikauliza daktari, "Ile nyama mnapeleka wapi?"

"Tunachoma, mama."

"Na chumvi?"

Akacheka mpaka miwani ikaanguka. Nikaomba Mungu, nikaingia.

Ndugu zangu, nilitoka mwepesi mpaka nashika mlango, upepo isinibebe! Kidonda ikapona. Mgongo ikanyamaza. Nikalala na tumbo, nikalia kwa furaha mpaka mto ikaogelea.

Lakini roho, bado! Kijiji ilisema nimeuza matiti kwa waganga wa ng'ambo. Na mimi nikitembea, nimeinama, nimekumbatia beseni kwa kifua, naficha kitu ambayo haiko. Mtu akiniamkia, najiuliza, huyu anatafuta nini? Nikasema, Mungu wangu, nilikatwa bure?

Ikafika siku ya kurudi mpakani na mukene yangu. Nikafika pale pale, nikaweka beseni chini, nikainua mikono, nikafunga macho. Nikangoja. Nikangoja mpaka mukene ikakaribia kufufuka! Watu wanapita tu kando yangu. Halafu nikasikia sauti ya yule mama wa kastamu.

"Wewe mama, nani amekuita?"

"Si unanijua?" nikasema. "Kagua, tumalize."

Akaniangalia juu, akaniangalia chini. "Nikague nini? Shusha mikono, unafunga watu njia. Pita!"

Haleluya! Ndugu zangu, nilishusha mikono, na kitu ikatoka kwa mabega yangu ambayo kisu ya daktari haikufikia! Kumbe hapakuwa na mtu ananishika. Nilikuwa najishika mwenyewe! Nikapandisha beseni juu ya kichwa, kifua mbele, nikaingia Kenya nacheka kama kichaa. Jioni bwana yangu ananiuliza, "Leo unacheka hivi, umekutana na nani huko?" Sasa ni yeye anashuku!

Asante Mungu. Asante kwa wale madaktari. Dada yangu mwenye mgongo inauma, usiogope midomo ya watu. Nenda kwa daktari mwenye anajulikana, uliza maswali yote, hata ya kijinga. Lakini yule wa kuuza dawa ya matiti kwa chupa sokoni, huyo mshuku mpaka mwisho!

Na Mungu, mwamini. Wengine mmekaa hapa kila Jumapili mnatetemeka, mnangoja awaite kwa chumba, awakague. Hajakuita kwa hiyo, ndugu yangu. Mlango iko wazi, na unafunga watu njia. Pita!